Wodi ya Tatu Hawapigi Simu

Jumatatu, tarehe 3

Mvua imeanza leo, na leo nimeanza kazi mpya. Zamani nikirudi nyumbani marehemu mume wangu alikuwa ananipokea mkoba na kuniuliza, "Haya, leo wamekufanya nini?" Nami nasimulia mpaka chai inapoa. Sasa mama mkwe analala mapema, na ukuta haumuulizi mtu kitu. Kwa hiyo nitaandika hapa, kwa kadiri nitakavyokuwa na nguvu.

Kazi yenyewe ni hii. Hospitali imeunda timu ya watu watatu ya kuwakimbilia wagonjwa wanaobadilika ghafla wodini, kabla hawajafika pabaya. Tuna simu moja. Wodi ikiona mgonjwa presha inashuka, au anahema vibaya, au hata kama hajulikani ana nini ila haeleweki tu, wanapiga, sisi tunakwenda. Daktari wetu ni kijana mrefu anayepanda ngazi mbili mbili. Nimemwita Mwanariadha, na kalipenda jina. Wa pili ni mhudumu wa mitungi ya oksijeni, mtu mzima, wote wanamwita Baba Mitungi. Wa tatu ni mimi, muuguzi wa cheti niliyetolewa kliniki ya watoto.

Wodi zimeshatubatiza. Tukipita wanasema, "Haya, wazima moto hao."

Alhamisi, tarehe 6

Simu mbili, wote wamepona. Viatu vimelowa hadi soksi.

Jumapili, tarehe 9

Nimemfunga mama mkwe kidonda. Kiko kisiginoni, na kwa kuwa ana kisukari hakitaki kupona. Leo kina harufu.

"Mama, hiki ni cha hospitali."

"Hiki ni cha bandeji safi na wewe kukaa kimya."

"Kitakula mguu."

"Kiule tu. Una miaka mingapi mguu huu, wewe unaujua? Mimi siendi kule. Nilimpeleka mwanangu akiongea, nikarudishiwa kimya."

Ni mwaka sasa, mvua kama hizi hizi. Mume wangu alilazwa Wodi ya Tatu kwa homa ya mapafu. Mchana ule akaanza kuhema kama mtu aliyetoka kukimbia. Nikamwambia sista mkuu wa wodi. Akasema, "Bado, mama. Tumpe muda." Nikamwambia tena. "Bado kidogo." Mwishowe nikatoka mwenyewe kumtafuta daktari, jengo hadi jengo, na niliporudi naye pazia lilikuwa limeshavutwa.

Sista yule yupo mpaka leo. Wauguzi wanamwita Bi Bado, akiwa mbali.

Marehemu alikuwa anavaa viatu kwa kijiko cha chakula. Kijiko chenyewe kiko palepale mlangoni. Mama hakiondoi na mimi sikiondoi, na hatujawahi kulizungumza.

Jumanne, tarehe 11

Kila wodi imeshatupigia simu isipokuwa Wodi ya Tatu. Nimekwenda mwenyewe kubandika namba yetu ukutani kwao. Karatasi ilikaa upande. Bi Bado alikuja, akainyoosha, akarudi kwa wagonjwa wake. Hatukuongea zaidi ya salamu. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo asiyotaka imwagike.

Ijumaa, tarehe 14

Maji yameingia chini ya jengo na lifti imekufa. Mitungi inapanda kwa ile njia ya mteremko ya nyuma, ambayo paa lake linavuja kila hatua.

"Baba Mitungi, nikusaidie kusukuma?"

"Sukuma, lakini usiongee naye. Ukimsemesha anakuwa mzito."

"Nani?"

"Huyu mtungi. Ana tabia za shemeji yangu."

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Halafu nikachoka zaidi kuliko kabla ya kucheka.

Jumamosi, tarehe 15

Nguo hazikauki. Nimevaa sare mbichi.

Jumatano, tarehe 19

Leo Wodi ya Tatu wamepiga. Sauti ilikuwa ya Bi Bado mwenyewe. "Mzee wa dirishani anatoka jasho na mapigo yanakimbia. Njooni."

Tulikuwa tumetoka kwa mama aliyetoka kujifungua, akivuja damu, hatujanywa hata maji. Tukapanda mteremko mvua ikitupiga, Baba Mitungi akigomba na mtungi wake. Kufika, mzee kakaa kitandani anakula ndizi. Kumbe alikwenda chooni peke yake, akateleza kidogo, akaogopa. Presha safi, kifua safi.

Mwanariadha alikuwa amelowa hadi kwenye mfuko wa shati. Akamgeukia Bi Bado, wagonjwa wote wakisikia. "Sista, siku nyingine jaribu kumpa maji kwanza. Ikishindikana ndiyo uite wazima moto."

Wodi ikacheka. Mzee wa ndizi akacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimechoka, na nikisema kweli, nilifurahi kumwona anaaibika. Bi Bado akasema, "Sawa, daktari," akaenda kufunga dirisha lililokuwa likipigapiga.

Tulipokuwa tunashuka Baba Mitungi alisukuma mtungi wake bila kumgombeza.

Alhamisi, tarehe 20

Kidonda cha mama kimepanuka. Nimelia jikoni, nikanawa uso, nikamwambia ni vitunguu. Akasema, "Vitunguu gani, na leo tunakula uji?"

Jumatatu, tarehe 24

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wodi ya Tatu alikuwepo mwalimu wa shule, kijana bado, aliyepasuliwa tumbo wiki iliyopita. Nilikuwa nikimwona nikipita. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi kitandani, na mkewe anamnyang'anya kalamu.

Jioni simu ililia. Ilikuwa sauti ya binti, sista mgeni, akizungumza kwa haraka. Tukakimbia. Mwalimu alikuwa wa rangi ya majivu, midomo mikavu, macho yanatutazama bila kutuona. Mwanariadha alipanda juu ya kitanda kwa magoti akimkandamiza kifua. Mimi nilitafuta mshipa, mishipa ya mikono yote miwili imenywea, haishikiki. Baba Mitungi alifungua oksijeni mpaka mwisho. Tulifanya kila tulichofundishwa, kisha tukakifanya tena. Hakurudi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni ameshika chupa ya chai, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwambia atoke.

Baadaye nilimkuta yule sista mgeni kwenye chumba cha mashuka.

"Alianza lini?"

"Tangu mchana, dada. Alikuwa anahema haraka. Tumbo likawa gumu."

"Mbona hamkuita?"

Akajifuta pua kwa mkono wa sare. "Tulitaka. Nilishika simu kabisa. Tukasema tumpime tena kwanza, tuhakikishe. Tukampima. Tukasema tena tungoje kidogo. Mtatucheka tena mbele ya wagonjwa."

Aliposema hivyo hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu, kama unavyomweleza mtu kwamba mlango huo haufunguki.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mvua imenipiga njia nzima na sikufungua mwavuli.

Jumanne, tarehe 25

Siwezi kuandika.

Alhamisi, tarehe 27

Mama ameanguka bafuni asubuhi. Mguu umevimba hadi gotini, mwekundu, unang'aa. Safari hii hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Kwenye gari la kukodi alinishika mkono akaniambia, "Wasinilaze alikolazwa yeye."

Kitanda kilikuwa kimoja tu hospitali nzima. Wodi ya Tatu.

Nilisimama mapokezi nikaomba, nikaomba tena, hadi karani akanionea huruma akaniita shangazi. Hakuna kingine. Kwa hiyo mama amelala huko, kitanda cha karibu na mlango, mikononi mwa Bi Bado, kwenye wodi ambayo sisi wenyewe tumeifundisha isipige simu. Na sheria ya timu ni kwamba ndugu yako akiwa mgonjwa humgusi. Wenzako wakienda, wewe unabaki nje ya pazia.

Mama alipoletewa chai aliionja, akairudisha. "Haya ni maji yaliyotishiwa majani."

Bi Bado alikuwa anatundika dripu. "Utakunywa, mama, hata kwa hasira."

"Usiniite mama. Nilikuwa na mwana mmoja."

Jumamosi, tarehe 29

Nimezungumza na Mwanariadha. Nimemwambia alichosema yule sista mgeni.

"Kwa hiyo mimi nimemuua mwalimu?"

"Sijasema hivyo. Wote tulicheka."

"Mtu mzima, muuguzi mkuu, anaacha kuita kwa sababu ya utani?"

"Wewe ulipokuwa mwanafunzi, daktari bingwa akikucheka mbele ya watu, kesho yake uliuliza swali?"

Akasema hana muda wa maneno haya, akaondoka akipanda ngazi moja moja.

Jumatatu, tarehe 31

Leo nimekwenda kwa Bi Bado mwenyewe. Nilimkuta chumba cha dawa, amevua viatu, miguu imevimba kama mikate. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nikasema tu, "Sista, siku ile ya mzee wa dirishani tulikukosea. Nisamehe. Nakuomba uendelee kutuita."

"Unaniomba kwa ajili ya mkweo."

"Kwa ajili ya wote. Na kwa ajili yake, ndiyo."

"Angalau husemi uongo." Akasogeza boksi la glavu, nikakaa. Halafu akasema bila mimi kumuuliza. "Mumeo niliita. Niliita daktari wa zamu mchana ule. Akaniambia nisimwite kwa mtu anayehema tu. Nikaita tena. Akakata simu."

Nikahisi masikio yamejaa maji.

"Uliniambia bado."

"Ningekwambia nini? Wewe umekaa pale umemshika mumeo mkono, nikwambie daktari amekataa kuja? Ningekuwa nimekuachia nini? Nilisema bado kwa sababu nilikuwa na matumaini atakuja. Siku nzima nilikuwa natazama mlango." Akaanza kuvaa viatu, kwa shida. "Wananiita Bi Bado. Unadhani sijui? Nimelisikia hadi kwenye choo."

Nikainama nikamfunga kamba za viatu, maana alikuwa haifikii miguu yake vizuri, na hakunizuia.

Mwaka mzima nimembeba mwanamke huyu moyoni kama jiwe. Sasa sijui mikono niiweke wapi.

Jumanne, tarehe 1

Mwanariadha kanifuata leo, anazungukazunguka kama paka kwenye maji. "Sasa tufanye nini?" Nikamwambia tuwe na desturi moja. Tukifika wodini popote, kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya swali lolote, yeye aseme, "Asante kwa kutuita." Hata tukikuta mgonjwa anacheza karata.

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Nitaonekana mwehu."

Baba Mitungi akasema, "Daktari, hilo limeshapita."

Ijumaa, tarehe 4

Wodi ya wanaume, mapema, kwa mtu aliyekuwa na kwikwi. Kwikwi tu! Mwanariadha akasimama wima kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wazazi. "Asante kwa kutuita." Sista hakuamini, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayeshukuriwa. Mchana wametuita tena, na wa mara hii alikuwa mahututi kweli. Tumemwahi.

Wodi ya Tatu, kimya.

Nilikwenda kumwogesha mama. Mguu haupungui. Anamgombeza Bi Bado tangu shuka hadi mto. Bi Bado anajibu moja kwa kila matatu.

Jumapili, tarehe 6

Mchana, mvua ndogo. Simu imelia nikiwa natafuna mkate.

"Wodi ya Tatu hapa." Nilimjua kwa sauti. "Mgonjwa wangu wa kitanda cha karibu na mlango."

Niliuweka mkate mezani.

"Presha inakubalika," akasema Bi Bado. "Homa hana. Nimempima mara moja tu, sikurudia. Lakini simwelewi. Tangu asubuhi hajanigombeza. Nimemgeuza, akaniambia ahsante."

Nilikimbia. Sheria ni kukaa nje ya pazia, si kubaki chini, na miguu yangu haikungoja mtu aitafsiri. Mwanariadha alinipita kwenye mteremko, maji yakiruka. Nilipofika pazia lilikuwa limevutwa. Lilikuwa pazia lilelile la mwaka jana, la buluu lenye kiraka.

Nikasikia sauti ya Mwanariadha ndani. "Asante kwa kutuita, Sista." Safari hii hakulisema kama shairi.

Halafu sikusikia la maana, ila vitu. Kikombe kikianguka. Oksijeni ikianza kuvuma. Mwanariadha akisema mikono ya mama ni ya baridi mno, pumzi ni fupi, sumu ya mguu imeingia kwenye damu. Akisema dripu ya pili, dawa sasa hivi, pigieni chumba cha upasuaji. Mama akiuliza kwa sauti nyororo ambayo si yake, "Mnahangaika nini, wanangu?" Hapo ndipo niliogopa kweli, maana mama hajawahi kumwita mtu mwanangu bila kumtukana kwanza.

Bi Bado akatoka akasimama nami. Hakusema atapona. Hakusema neno nililolizoea. Alisimama tu, bega lake kwenye bega langu, zito, la joto, tukiangalia kiraka cha pazia. Kila kitu kilipokuwa tayari wakamsukuma mama kutoka, akapita mbele yetu macho yamefumbwa, na Baba Mitungi akisukuma mtungi nyuma yake bila utani wowote.

Wamemkata mguu chini ya goti jioni hiyohiyo. Daktari bingwa alitoka akaniambia, "Mmetuletea kabla ya giza. Kesho asubuhi tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Nimekaa nje ya chumba cha mahututi nikiandika haya kwenye goti. Mvua sijui kama inanyesha.

Jumatano, tarehe 9

Amefungua macho. Ameuliza mguu wake wameutupa wapi. Nilipomwambia sijui, akasema, "Hata kufuatilia mguu umeshindwa."

Nimelia mbele ya kila mtu. Mwanariadha alijifanya anasoma mashine.

Jumatatu, tarehe 14

Mama amerudishwa Wodi ya Tatu. Kulikuwa na nafasi wodi nyingine, nikamwuliza anapenda wapi. Akasema, "Nirudishe kwa yule mfupi."

Bi Bado alikuja kumfungua bandeji. Alifanya kazi yake polepole, anapuliza kidogo mahali penye maumivu, kama anavyopulizwa mtoto. Mama alikuwa anamwangalia usoni muda wote.

"Wewe ndiye uliyekuwa na mwanangu."

Bi Bado akasimamisha mkono. "Ndimi, mama."

Nilingoja amkataze tena neno hilo. Hakumkataza.

"Huyu mkwe wangu alikuwa ametoka kutafuta daktari. Mimi nilikuwa nyumbani. Kwa hiyo ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

"Kaa."

Wauguzi hawaruhusiwi kukaa kwenye vitanda vya wagonjwa. Bi Bado alitazama wodi yake yote, kisha akakaa, pale ambapo ungekuwa mguu. Kitanda kikalia. Mimi nilikuwa nimeshika beseni na sikujua niende au nibaki.

"Alisema kitu?" mama akauliza.

"Alikuwa hapati pumzi ya kusema sana. Aliuliza nje kama kunanyesha. Nikamwambia kunanyesha. Akasema, basi atalowa yule, katoka bila koti."

Mwaka mzima nimejua kwamba mume wangu alikufa peke yake, akiningoja nirudi na daktari. Ni kweli nilitoka bila koti. Nililiacha kwenye kiti. Sikujua kama aliona.

Simu ya timu ikalia mfukoni mwangu. Mwanariadha alikuwa mlangoni. Alinitazama, akatazama kitanda, akanyoosha mkono nikampa simu, akaondoka na Baba Mitungi bila kuniuliza. Nikaliweka beseni chini.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mkono wake aliushika nani?"

"Mimi."

"Upi?"

Bi Bado akafikiri. Akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza, mpaka akaupata. "Huu," akasema, akaunyoosha, na mama akauchukua.